Je, Wajua? Mbao Mbili za Ubavuni Zilizovuka Bahari

Anayetoka Tarime kwenda Musoma, akishaipita Utegi, hufika daraja la Kirumi. Chini ya daraja ndipo Mto Mara unapomalizia safari yake. Umeanzia milima ya Mau kule Kenya, umekata mbuga za Maasai Mara na Serengeti, umepita kati ya vijiji vya mkoa wetu wa Mara, na baada ya kilomita zipatazo 395 unaingia Ziwa Victoria katikati ya mafunjo. Abiria wengi hutazama dirishani kutafuta viboko. Mimi tangu utotoni nilitafuta kitu kingine: mtumbwi mwembamba wenye mvuvi aliyesimama ndani yake kama mtu aliyesimama juu ya gogo. Swali langu lilikuwa moja tu. Kwa nini haupinduki?

Jibu la swali hilo nililipata mbali na Mara, pwani, kwa mafundi wa ngalawa. Nililolipata huko lilinirudisha nyumbani hadi kwenye migomba ya Tarime, nami nitaeleza kwa nini.

Je, wajua kwamba mtumbwi wenye mabawa, yaani mbao za ubavuni, haupatikani katika mito na maziwa ya bara la Afrika? Mto Kongo una mitumbwi isiyo na idadi. Niger unayo, Nile unayo, Ziwa Tanganyika linayo. Yote ni magogo yaliyochongwa au mbao zilizoungwa, na hakuna wenye kitu ubavuni. Mabawa hayo yapo ukanda mmoja tu: pwani ya Waswahili kutoka Kenya hadi kaskazini mwa Msumbiji, visiwa vya Komoro, na Madagaska. Ukiyatafuta penginepo, itakubidi uvuke Bahari ya Hindi hadi Sri Lanka, Indonesia na kuendelea hadi Pasifiki.

Ngalawa ni gogo moja lililochongwa likawa kiwiliwili chembamba. Juu yake hupitishwa miti miwili mikingamo, mmoja mbele na mmoja nyuma, inayoitwa mirengu. Kwenye ncha za mirengu, kulia na kushoto, hufungwa mbao mbili ndefu zilizochongoka mbele. Hayo ndiyo matengo. Yeyote aliyewahi kubeba maji kwa mzega anaelewa kazi yake bila somo la fizikia: ndoo mbili, moja kila upande wa mti ulio begani, na mbebaji anatembea wima hata njia ikiwa na utelezi. Mwendesha bodaboda anayechukua maziwa naye hufunga dumu huku na dumu huku. Uzito ukiwa mbali na katikati, huwa na nguvu kubwa kuliko ulivyo kwenye mizani, na kwa sababu hiyo ubao mwepesi ulio mbali na kiwiliwili unaweza kulizuia tanga zima lisikilaze chombo.

Matengo ya ngalawa hayakukusudiwa kuelea kama boya. Ni mbao zilizoinamishwa, zinazolalia maji kwa ubapa kama kiganja. Upepo ukilisukuma tanga, tengo la upande unakoelekea upepo hushuka, hukanyaga maji, na kadiri chombo kinavyokimbia ndivyo maji yanavyolisukuma juu. Tengo la upande wa pili hunyanyuka likaning'inia hewani, likitiririsha maji. Ukiwa ufukweni utaona ngalawa inapita na bawa moja juu, nawe utadhani imeharibika. Hapo ndipo iko katika ubora wake.

Fundi niliyemtembelea Unguja sikumkuta ufukweni. Alikuwa shambani, chini ya minazi, mwendo wa kama robo saa kutoka baharini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanionesha pa kukaa: kipande cha shina la mwembe uleule aliokuwa akiuchonga. Ngalawa huchongwa pale mti ulipoangukia. Mti mzima ni mzito mno kuvutwa, kwa hiyo fundi huuchonga nje kwanza, kisha huutoboa ndani, na ukishapungua uzito ndipo watu huitana kuuvuta hadi pwani.

Nilimtazama kwa saa nzima akifanya kazi na tezo. Tezo si shoka. Makali yake yamekaa kukingama na mpini, kama ya jembe, na fundi huivutia kwake kwa mapigo mafupi. Kila pigo lilitoa kibanzi chembamba, cheupe kidogo kuliko njano ya embe lenyewe, kikajikunja na kudondoka. Baada ya mapigo kumi au kumi na tano aliacha, akagonga ubavu wa gogo kwa kifundo cha kidole, akasogea kidogo, akagonga tena. Nikamwuliza, babu, unasikiliza nini? Akanishika mkono akanigongesha mwenyewe, mara mbili. Pa kwanza palikuwa na sauti nzito, pa pili sauti ilikuwa imeinuka kidogo. Pa kwanza, akasema, bado pana mbao nyingi. Pa pili tezo ikipita tena tutaliona jua. Hakuwa na rula wala kamba ya kupimia. Unene wa chombo alikuwa nao sikioni.

Mwembe si mti wa asili ya Afrika. Ulitoka Bara Hindi, na Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta watu wakila wali na achari ya embe. Kwa hiyo ngalawa ya leo ni mti wa Kihindi uliochongwa kwa tezo ya Mswahili na kutiwa mabawa ya asili ya mbali zaidi. Tanga lake kwa miaka mingi lilishonwa kwa marekani, ile nguo nyeupe ya pamba iliyokuja kwa merikebu za Wamarekani karne ya 19 na kuchukua jina la nchi yao. Siku hizi wengine hushona viroba. Kamba za kufungia mirengu zilikuwa za usumba, nyuzi za makumbi ya nazi zilizolowekwa, zikapondwa na kusokotwa. Sasa nyingi ni za nailoni. Jambo moja halijabadilika: mirengu hufungwa kwa kamba, haigongelewi kwa msumari kwenye kiwiliwili. Mawimbi yanapoipiga ngalawa, viungo vinacheza kidogo na kurudi. Kingekuwa kiungo kigumu, kingepasuka.

Je, wajua yalikotoka matengo hayo? Mwaka 1934, James Hornell, Mwingereza aliyetumia maisha yake kuchunguza mitumbwi ya dunia, aliandika makala akidai kwamba ngalawa ni ushahidi wa watu wa Indonesia kufika Afrika Mashariki. Lugha nayo inakubali. Mwaka 1951 Otto Christian Dahl, mmisionari wa Norwei aliyeishi Madagaska, alionesha kwamba Kimalagasi kina undugu wa karibu na Kimaanyan, lugha ya watu waishio ndani ya kisiwa cha Borneo. Kati ya Borneo na Madagaska kuna bahari ya kilomita zipatazo 7,000. Watu waliivuka wakiwa na watoto, mbegu na lugha yao, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Vinasaba vya Wamalagasi wa leo vina asili ya pande zote mbili, Asia na Afrika. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta punje za mpunga na choroko za Asia zilizoungua katika makazi ya Komoro na Madagaska ya karne ya 8 hadi ya 10.

Upande wa pili wa familia hiyohiyo ulielekea mashariki na kuijaza Pasifiki, Hawaii, Tahiti na Nyuzilandi, kote kwa vyombo vya namna hii. Huko ufundi ulichukua njia nyingine, nami ninaushangaa kila ninapoufikiria. Katika visiwa vya Karolini, huko Mikronesia, mtumbwi una tengo moja tu, na tengo hilo lazima likae upande unakotoka upepo. Ndilo uzito wa kuzuia tanga. Sasa baharia akitaka kugeuka afanyeje, maana akigeuza kichwa cha chombo tengo litahamia upande usiofaa? Hageuzi kichwa. Hulibeba tanga kutoka ncha moja ya chombo hadi ncha ya pili, na iliyokuwa tezi sasa ni omo. Chombo kinaondoka kikirudi kinyumenyume, nacho hakijui kama ni kinyumenyume, kwa sababu ncha zote mbili zimechongwa sawa.

Viwiliwili vya vyombo hivyo huchongwa kwa mti wa mshelisheli, uleule ambao Unguja na Pemba matunda yake hupikwa kwa nazi. Kamba zake ni za makumbi, kama za kwetu. Mwaka 2021 UNESCO iliuweka ufundi wa mitumbwi ya Karolini na elimu ya kuongoza chombo bila dira katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Mjuzi mashuhuri wa elimu hiyo alikuwa Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal. Mwaka 1976 aliiongoza Hōkūleʻa, chombo cha viwiliwili viwili vilivyoungwa, kutoka Hawaii hadi Tahiti, zaidi ya kilomita 4,000, kwa nyota, mawimbi na ndege tu. Alifariki mwaka 2010. Miaka mitano baadaye Hōkūleʻa ikizunguka dunia ilitia nanga Cape Town, na ndivyo chombo cha ukoo huu kilivyolikanyaga tena bara la Afrika.

Turudi sasa milimani kwetu. Kutoka Tarime hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 600 hata kwa njia ya ndege. Ngalawa haikupanda huku. Lakini abiria mwenzake alipanda.

Mgomba ni mmea wa kusini-mashariki mwa Asia na Papua Guinea Mpya. Katika kinamasi cha Kuk, kwenye nyanda za juu za Papua, kuna dalili za watu kulima migomba miaka ipatayo 7,000 iliyopita. Mgomba wa kulimwa hauna mbegu. Hauwezi kupeperushwa na upepo wala kubebwa na ndege, na nazi huweza kuelea baharini lakini chipukizi la mgomba haliwezi. Lazima mtu alichimbue, alifunge, alilinde na maji ya chumvi, na alipande afikapo. Kwa hiyo kila shina la ndizi lililopo Tarime, ukilifuata kizazi kwa kizazi, linaishia kwenye chipukizi lililokaa miguuni mwa mtu ndani ya chombo, nalo limevuka Bahari ya Hindi. Nikipita sokoni asubuhi nikawaona kina mama wanashusha mikungu kutoka kwenye pikipiki, jambo hili hunisimamisha. Wakurya wa Tarime ni watu wa ng'ombe na wa milima, bahari si yao, lakini chakula chao kimewahi kuwa mabaharia.

Hata nazi zinazouzwa moja moja katika maduka ya Tarime na Mugumu zina habari yao. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2011 uligawa minazi ya dunia katika koo mbili, ya Pasifiki na ya Bahari ya Hindi. Mahali pachache sana koo hizo zimechanganyika, na mojawapo ni Madagaska, Komoro na pwani ya Afrika Mashariki. Minazi ya ukoo wa Pasifiki ililetwa na watu.

Je, wajua kwamba huwezi kuzungumza Kiswahili siku nzima, hata huku bara, Nyamongo au Mugumu, bila kugusa chombo cha baharini? Mambo yakiharibika tunasema yamekwenda mrama, na mrama ni kule kuyumba kwa chombo kinapopigwa na mawimbi. Basi la alfajiri linang'oa nanga stendi ya Tarime ingawa halina nanga. Mtoto wa shule ya msingi anaandika kwamba Mara iko kaskazini mwa Tanzania: kaskazi ni pepo zivumazo kati ya Desemba na Machi, zilizoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ni pepo za miezi ya katikati ya mwaka, zilizoyarudisha. Hata mtu mbishi, yule asiyekubali hoja ya mwenzake, anafanana na chombo. Kubisha, kwa mabaharia, ni kwenda kinyume cha upepo kwa kukata huku na huku mpaka ufike. Neno hili nalipenda kuliko yote, maana chombo kinachobisha kinafika.

Basi kwa nini ziwa letu halina matengo? Sababu moja ni tanga. Gogo jembamba lenye tanga bila mabawa litapinduka, lakini gogo linalopigwa makasia halina haja nayo, na katika Ziwa Victoria makasia ndiyo yaliyotawala hadi wafanyabiashara wa pwani walipoleta matanga yao karne ya 19. Sababu ya pili ni kwamba watu wa ziwa walikuwa wamekwishapata jawabu lao. Walikipanua chombo. Chini waliweka gogo moja refu, kando yake wakaunga mbao, na mbao hizo hawakuzigongelea misumari. Walizishona. Walitoboa matundu pembezoni mwa ubao, wakapitisha nyuzi za mwale, wakaziba nafasi. Mitumbwi hiyo ya kushona, iliyopewa jina la visiwa vya Ssese kule Uganda, ilikuwa na pua ndefu iliyochomoza mbele, na baadhi yake ilipambwa kwa pembe za wanyama. Msafiri Henry Morton Stanley aliyashuhudia majeshi ya majini ya Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1875. Mitumbwi ilikuwa zaidi ya 300, na mkubwa kuliko yote ulizidi urefu wa mita 20.

Kushona chombo ni jambo ambalo pwani nayo ililijua. Mtepe wa Lamu ulishonwa mwanzo hadi mwisho kwa kamba za nazi, na mitepe ya mwisho ilionekana mwanzoni mwa karne ya 20. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza kiitwacho Periplus kinautaja mji wa Rhapta katika pwani hii, na jina lenyewe linatokana na vyombo vya kushonwa. Kinataja pia magogo ya kuchongwa yaliyotumika kuvulia samaki na kasa. Mabawa hakiyataji popote.

Ziwa linajua maana ya chombo kupoteza mizani kuliko mtu yeyote awezavyo kueleza kwa kalamu. Tarehe 21 Mei 1996 ilizama MV Bukoba, na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na Ukara. Zipo nyumba za kandokando ya ziwa ambamo tarehe hizo hazihitaji kutajwa kwa mwaka. Naziandika hapa kwa sababu kuongea juu ya mizani ya vyombo bila kuwakumbuka wale waliozama ni kuongea nusu.

Niliporudi kutoka Unguja nilikwenda kwenye mwalo mmoja ambako mitumbwi ya dagaa hutengenezwa. Mafundi wawili walikuwa wakiziba nyufa: mmoja anasokota pamba kuwa uzi mnene, mwingine anaisindilia kati ya mbao kwa patasi butu na nyundo, kwa mapigo mepesi yaliyolingana. Mbao za chini zilikuwa za mvule, na kila aliyepita alisimama kidogo kuzipapasa, kwa kuwa mvule sasa ni wa shida. Nikawaeleza habari za ngalawa, nikachora mchangani kiwiliwili, mirengu na matengo. Mkubwa wao aliutazama mchoro muda mrefu. Kisha akachukua kijiti changu, akachora wavu ukimwagwa kutoka ubavuni, ule wavu mpana wa dagaa unaoshushwa usiku chini ya taa, na akauchora umenasa kwenye tengo. Akanirudishia kijiti.

"Kaka, hapa tunavulia ubavuni," akasema. "Huyo wa kwenu pwani anavulia wapi?"

Nikamwambia kwa mshipi na madema, na nyavu nyingine huzitega akaziacha. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi kwenye pamba yake. Baada ya kitambo aliita tena, bila kuinua uso, akitaka kujua zile kamba za nazi zinalowekwa siku ngapi.